Maziwa Ambayo Hayakuletwa

Kabla ya kuandika hadithi, Muhammed Said Abdulla alikuwa bwana afya. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, na alipomaliza masomo aliajiriwa katika idara ya afya, akaishika kazi hiyo hadi alipoingia katika uhariri wa gazeti la Zanzibari mwaka 1948. Wahakiki hulitaja jambo hili kwa sentensi moja, kisha huharakia kumtaja Sherlock Holmes, kana kwamba upelelezi haufundishwi ila na Mwingereza. Lakini hebu msomaji amfikirie bwana afya wa zamani zile. Hakuna mwanamume mwingine asiye wa ukoo aliyeweza kupiga hodi asubuhi katika nyumba ya watu, akapita ukumbini hadi uani, akafunua mtungi kutazama viluwiluwi vya mbu, akachungulia mvunguni, akahesabu waliolala humo na kuuliza yule mtoto wa pembeni ni wa nani. Miaka ya kazi kama hiyo ni chuo kizima.

Bwana Msa, mpelelezi aliyemuumba, ni mtoto halali wa kazi hiyo. Si polisi, halipwi, hana cheo. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, na milango ya watu humfungukia kwa adabu zake tu. Alianza kujulikana pale Mzimu wa Watu wa Kale iliposhinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya Afrika ya Mashariki ya 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Akaendelea katika Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo, hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Uhalifu umo, lakini mara kwa mara fundo lenyewe limefungwa ndani ya ukoo: nani kazaliwa na nani, nani kamlea nani, na kwa nini watu wazima hunyamaza mtoto akipita. Holmes husoma majivu ya sigara na matope ya viatu. Bwana Msa husoma nasaba.

Hapa pana tatizo ambalo Baker Street hailijui. Katika mji wa Mwambao mpelelezi hakosi ushahidi. Anachokosa ni mtu asiyejua. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na makata ni mengi. Mambo hujulikana toka uani hadi kisimani, hujulikana kwa mshona kofia na kwa muuza kahawa, isipokuwa yamekubaliwa kutosemwa. Mpelelezi anapotoka na kiko chake kwenda kutafuta, mtaa mzima humtazama kama watu wazima wamtazamavyo mtoto aliyejificha nyuma ya pazia huku miguu yake inaonekana.

Kisa cha Ngamiani ni katika mambo ya namna hiyo. Kinasimuliwa barazani huko Tanga, kwa kicheko zaidi kuliko kwa huzuni, na majina ya wenyewe yameachwa hapa kwa kuwa wapo hai na mlango wao unajulikana.

Palikuwa na mstaafu mmoja wa reli, mkazi wa mojawapo ya zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba. Alikuwa karani katika njia ile iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, na kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kulinganisha hati ya mzigo na mzigo wenyewe: karatasi inasema magunia 40, je, behewani yamo 40? Akiwa shuleni alikisoma kitabu cha kwanza cha Bwana Msa, akakirudia, na alipostaafu akakirudia tena mpaka jalada likamwachia. Alinunua kiko. Pumu ilimkataza kukivuta, kwa hiyo alikitia mdomoni kikavu, akakitafuna tafuna pindi alipofikiri, hata mkewe akawa anasema kwamba nyumba ina mbuzi wawili, mmoja amefungwa na mmoja amestaafu. Mtaa ulimpa jina la Bwana Msa naye akalipokea kama cheo. Kesi yake mashuhuri hadi wakati huo ilikuwa ya jogoo aliyepotea, ambaye uchunguzi ulithibitisha kwamba aliuzwa na kijana wa mwenye jogoo ili apate kiingilio cha kwenda kuitazama Coastal Union. Mwenye jogoo hakushukuru. Alisema alikuwa akijua tangu siku ya kwanza, ila alitaka kijana aungame mwenyewe.

Mwaka 2021 ililetwa posa nyumbani kwake. Binti aliyeposwa alikuwa na miaka 24, muuguzi kwa kazi, mtoto wa dada yake mstaafu, na dada huyo alikwisha kufariki mwaka 2009. Kijana naye alikuwa mwalimu. Walikutana Dar es Salaam, wakapendana kwa heshima, wakawaachia wazee yaliyo ya wazee. Siku ya posa mama wa kijana alipoingia ukumbini alisimama, akautazama ukuta, akaitazama dari, akasema nyumba hii naijua. Kumbe mwaka 1997 alipanga nyumba ya jirani, kabla hawajahamia Chumbageni na baadaye Dar es Salaam. Watu wakafurahi, wakaulizana habari za marehemu na za walio hai, sahani za visheti zikapita mara ya pili. Mstaafu peke yake hakuwa na la kukumbuka, maana mwaka ule alikuwa kituo cha Korogwe.

Pembeni alikaa mama yake, bibi kizee wa nyumba, akisuka ukili. Furaha ilipofika kileleni alisema bila kuinua macho:

“Ndoa hii haifai.”

“Kwa nini, Mama?”

“Nimekwisha kusema.”

Kisha akaomba aletewe tambuu.

Wageni waliondoka kwa adabu, bila kukataliwa wala kukubaliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kukusudia kuoana itolewe si chini ya siku 21 kabla ya ndoa, na taarifa ilikuwa imekwisha kupelekwa, kwa kuwa kila mtu alidhani posa ni jambo la kutimiza tu. Kwa hiyo mpelelezi alikuwa na siku 21. Usiku ule alifungua daftari jipya, akaandika juu yake neno “Faili”, akalipigia mstari kwa rula.

Nadharia yake ya kwanza ilikuwa kwamba kijana ana mke mwingine Dar es Salaam. Aliipoteza siku nne na fedha nyingi ya simu kugundua kwamba kijana hana hata paka. Nadharia ya pili ilihusu shamba la minazi huko Tongoni, ambalo koo mbili ziligombea enzi za babu. Lakini waliogombea walikuwa ni koo nyingine kabisa, na mmoja wa wazee aliyehojiwa alichukua fursa hiyo kuufufua ugomvi uliokwisha kuzikwa, ukaendelea hadi baada ya Idi. Nadharia ya tatu aliiandika kwa herufi ndogo sana. Ilisema: huenda hawa wawili wana baba mmoja.

Ili kuipima nadharia hii ilibidi aiguse siri aliyoilinda yeye mwenyewe kwa miaka 24. Binti hakuzaliwa na dada yake. Aliletwa kutoka Pangani Septemba 1997, usiku, amefungwa kanga, mtoto wa siku mbili wa msichana wa ukoo aliyekuwa angali mwanafunzi. Dada yake alikuwa amezaa wiki ileile, na mtoto wake mwenyewe hakuishi. Bibi kizee ndiye aliyeunganisha misiba hiyo miwili ikawa jambo jema moja: maziwa yalikuwapo bila mtoto, na mtoto alikuwapo bila maziwa.

Mambo kama hayo si mageni Mwambao. Nyumba nyingi toka Vanga hadi Pangani, na visiwani vilevile, zina mtoto wa kulea, aliyepewa nyanya, shangazi au dada asiyejaliwa, na mara nyingi hapana karatasi hata moja. Serikali inayo njia yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huko bara inaweka utaratibu wa kuasili mtoto kwa amri ya Mahakama Kuu. Zanzibar sheria yake ya watoto ya mwaka 2011 imeutambua pia ulezi wa kafala, ambao haugusi nasaba. Kutogusa nasaba ndilo jambo lenyewe kwa Waislamu. Zayd bin Haritha aliitwa mwana wa Muhammad mpaka iliposhuka amri katika sura ya Al-Ahzab kwamba watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao. Tangu hapo kulea ni thawabu, lakini mtoto wa kulea harithi kama wa kuzaa, na akibaleghe huwa si maharimu wa waliomlea: binti atajifunika mbele ya baba aliyembeba mgongoni.

Isipokuwa akinyonyeshwa. Hapo wanawake wa Mwambao wana elimu yao, na hawakuingoja kutoka bungeni. Maziwa hufanya undugu. Mtoto aliyenyonya ziwa la mwanamke kabla ya kutimiza miaka miwili huwa mwanawe katika uharamu wa ndoa: waume wa nyumba huwa baba na kaka, shungi linaweza kuvuliwa, na nyumba inakuwa nyumba. Dada yake mstaafu alikuwa na wana wawili wa kiume. Bila ya maziwa yale binti angekua kama mgeni miongoni mwao. Kwa maziwa yale alikua akiwapiga makofi.

Mstaafu alikwenda kwa sheikh wa mtaa, akamweleza habari za “mtu mmoja wa mbali” mwenye mashaka juu ya baba wa binti fulani. Sheikh alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

“Mwambie huyo mtu wa mbali kwamba mjomba hana uwali katika ndoa, basi asijitie presha. Na mwambie kikohozi chake kinasikika mpaka msikitini, atie mafuta ya karafuu kifuani.”

Juu ya baba wa binti, sheikh alijua. Alikuwa mvuvi, alikwisha kufa maji, na hakuwa na uhusiano wowote na ukoo wa kijana. Nadharia ya tatu ikafutwa. Zilibaki siku tisa.

Aliporudi alikaa barazani na kiko chake kikavu akayapitia maelezo yote ya siku ya posa, neno kwa neno, kama apitiavyo hati ya mzigo. Mama wa kijana alisema mengi, mengi yakiwa porojo. Katika porojo hizo alisema kwamba katika zile mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 1997 alilazwa hospitali kwa homa, karibu wiki mbili, naye mtoto wake alikuwa wa miezi saba. Alimwacha kwa mama mkwe wake, ambaye sasa ni marehemu. Akacheka akasema: nilimwacha mtoto kwa maziwa ya ng'ombe, nikamkuta amenona kuliko nilivyomwacha.

Amenona. Mstaafu aliliandika neno hilo akalizungushia duara.

Maziwa ya ng'ombe Ngamiani miaka hiyo yaliletwa kwa baiskeli, na mtaa ule muuza maziwa wake alitoka Pongwe. Mtu huyo alikuwa hai, mzee sana, akiishi na wajukuu na ng'ombe watatu. Mstaafu alimfuata asubuhi kwa daladala, akapokewa kwa heshima, akaketishwa mkekani, akaulizwa hali za watu wote wa nyumbani hata na za mbuzi. Baada ya hapo ndipo alipouliza kama, kwa bahati, mzee anayakumbuka mauzo ya mwisho wa mwaka 1997.

“Kukumbuka ni kwa nini?” akasema mzee. “Daftari lipo.”

Lilikuwapo kwa sababu wadaiwa walikuwapo. Mzee hakutupa daftari hata moja ambalo ndani yake pana mtu hajalipa. Na katika daftari la mwaka ule, nyumba ya mama mkwe wa mama wa kijana ilikuwa na deni la lita saba, na kwa kuwa wenye deni walihama na mwenzao aliyebaki mtaani ndiye huyu aliyekuja kuuliza, basi ni haki alipe yeye. Mstaafu akatoa shilingi za mwaka 1997. Mzee akazirudisha. Riba ni haramu, alisema, hakuna anayetaka riba. Lakini alichokopesha hakikuwa shilingi, kilikuwa maziwa, basi alipwe lita saba za maziwa kwa bei ya leo. Hoja hiyo ni nzito, na kuna wanauchumi ambao wangefaidika kukaa juu ya mkeka ule. Mstaafu alilipa. Alibakiwa na nauli kamili na hamu ya chai isiyotimizwa.

Daftari likafunguliwa. Kila siku ilikuwa na mstari wake, kila nyumba alama yake, na nyumba ile ilikuwa na alama moja kila siku: lita moja, lita moja, lita moja. Kisha zikaja siku nne tupu. Kando yake mzee aliandika kwa penseli neno moja: mvua. Njia ilijaa maji, baiskeli haikupita, na mtu wa maziwa alikaa kwake siku nne akiwanywesha ndama maziwa ya kuuza. Siku ya tano alama zikarudi.

Katika hadithi moja ya Holmes ya mwaka 1892 kinachotoboa siri ni mbwa ambaye hakubweka. Mstaafu wa Ngamiani naye aliyapata yake pale mkekani: maziwa ambayo hayakuletwa. Mtoto wa miezi saba hakai siku nne bila kunywa. Na mtoto huyu hakudhoofu, alinona. Na ukuta wa pili, hatua chache kutoka kitandani pake, alikuwako mwanamke mwenye kitoto cha miezi miwili na maziwa ya kutosha wawili.

Aliyajua yote sasa. Binti na kijana walinyonya ziwa moja.

Hapo, mtu angedhani, faili lilifungwa. Lakini karani wa reli hasaini hati mpaka ahesabu magunia. Sheikh alipofikiwa mara ya pili, na yule “mtu wa mbali” akiwa amezidi kukaribia, alieleza kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa Mwambao, kunyonya mara moja hakutoshi. Zatakiwa mara tano zilizo mbalimbali, kila mara mtoto ashibe na aache mwenyewe. Kwa Abu Hanifa na kwa Malik hata kidogo kinatosha, lakini huku ni tano. Na shahidi wa mambo haya, akaongeza, waweza kuwa wanawake watupu, kwa kuwa ni mambo yasiyoonwa na wanaume. Ila wawe wanne.

Kutafuta wanawake wanne wa Ngamiani waliokuwa macho usiku wa manane miaka 24 iliyopita ni kazi ambayo hata Bwana Msa wa vitabuni hakupewa. Mstaafu alimpata wa kwanza, aliyeapa kwamba kijana alinyonyeshwa mara kumi, maana alimsikia akilia mara kumi akinyamaza mara kumi. Wa pili aliapa kwamba hakunyonyeshwa hata mara moja, alipewa uji wa mchele, na uji aliupika yeye. Wa tatu aliikumbuka vizuri mvua ile, alikumbuka bei ya mafuta ya taa na bati la nani lilipeperuka, na juu ya mtoto akasema, “Mtoto gani?” Wa nne alikuwa bibi kizee mwenyewe, naye alikuwa bado anasuka ukili.

Kisheria, basi, hapakuwa na kitu. Palikuwa na shahidi mmoja na nusu na daftari la mtu wa maziwa, na daftari si mwanamke. Ndoa ingeweza kufungwa na hakuna ambaye angeweza kuipinga. Lakini sheikh alikuwa amemtajia pia kisa cha Uqba bin Harith, aliyekuwa amekwisha kuoa pale mwanamke mmoja alipokuja kusema kwamba aliwanyonyesha wote wawili. Ilikuwa kauli ya mtu mmoja tu. Mtume akamuuliza Uqba atakaaje naye ilhali limekwisha kusemwa, na Uqba akaachana na mkewe. Kumbe kuna neno lisilotosha kuwa ushahidi na likatosha kumnyima mtu usingizi maisha yake yote.

Hapo ndipo mchezo ulipomwisha mstaafu. Neno lile lilikuwa halijasemwa. Lilikuwa kifuani mwake peke yake, au ndivyo alivyoamini, na akilimeza, vijana wawili wangeoana, wangezaa, wangezeeka. Binti alikuwa kipenzi chake. Ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa ratiba ya treni kwanza kabla ya kitabu cha shule, hata akawa anajua kwamba baada ya Muheza ni Korogwe kabla hajajua kwamba baada ya saba ni nane. Usiku wa siku ya 19 alitembea peke yake hadi Raskazone, akakaa akiitazama bahari na taa za bandarini, akitafuna kiko. Alikuwa ametaka fumbo la kufumbua, akalifumbua, na sasa angetoa lita saba nyingine za maziwa ili asijue.

Asubuhi alimwita binti barazani, akamkalisha, akakohoa. Alianza na mvua za El Niño. Alipofika kwenye njia ya Pongwe binti alimgusa mkono.

“Mjomba,” akasema, “najua.”

Alijua tangu usiku wa posa. Wengine wote walipomwendea bibi walimuuliza kwa nini, na bibi hakuwajibu, maana kuwajibu ni kumtaja msichana wa Pangani mbele ya wageni, na kumtaja mtoto wa marehemu aliyezikwa bila jina, na mambo hayo mawili aliyabeba miaka yote hiyo bila kuyaweka chini. Binti alimngoja mpaka watu wamelala. Kisha hakumuuliza kwa nini. Alimuuliza: “Bibi, mama alimnyonyesha nani mwingine?” Bibi akauweka ukili chini akamweleza yote. Mara tisa. Alizihesabu mwenyewe, kwa kufunga fundo katika pindo la kanga, kwa kuwa alijua kwamba iko siku mtu atauliza.

“Na ya Pangani?”

“Ya Pangani nayajua tangu darasa la nne. Kila Idi anakuja mwanamke na halua, tunamwita mama mdogo, ana miguu kama yangu. Watoto wa shule waliniambia. Nilinyamaza kwa kuwa mlikuwa mnahangaika sana nisijue.”

Alikwisha kumpigia simu kijana usiku uleule. Waliongea hadi alfajiri, na yaliyosemwa humo hayajulikani Ngamiani, jambo ambalo peke yake ni la ajabu. Walikubaliana kwamba posa irudishwe kwa heshima, wazee wakimaliza mashauri yao.

Mstaafu alikiondoa kiko mdomoni. Aliuliza, kwa sauti ya karani aliyekuta behewa halimo kabisa relini, kwa nini basi walimwacha siku 19 akihangaika na wake za Dar es Salaam, minazi ya Tongoni na ng'ombe wa Pongwe.

“Ulikuwa na furaha, Mjomba. Hujawa na furaha vile tangu ustaafu.”

“Nyumba nzima ilijua?”

“Nyumba nzima. Hata mtu wa maziwa. Bibi alimpigia simu kumwambia unakwenda, asikupe daftari mpaka ulipe deni.”

Sehemu hii ndiyo wanayoipenda wasimulizi wa barazani, na baadhi yao huishia hapo, wakiigiza sauti ya bibi kizee kwenye simu. Wapo pia wanaoongeza kwamba mstaafu, baada ya kununa siku mbili, alikaa akapiga hesabu akagundua kwamba kwa maziwa yaleyale yaliyomkosesha mkwe, yeye amekuwa mjomba wa kijana. Akamwandikia barua rasmi kumjulisha hivyo, yenye tarehe na kumbukumbu namba.

Kijana alikuja na mama yake Idi ya mwaka 2022. Hakupiga hodi ya mgeni. Alipita ukumbini hadi uani kama mwana wa nyumba, akambusu bibi mkono, akaitwa mwanangu na mama mdogo wa Pangani, akapewa halua. Binti alitoka jikoni na sinia la vikombe. Kaka zake wawili walikuwa mkekani, na mbele yao tangu asubuhi alikuwa na kichwa wazi, mtandio ameutupia begani kwa ajili ya joto. Mstaafu alikuwa ameketi karibu na mlango, kiko mdomoni, na ndiye pekee aliyeona, kwa sababu kutazama ndiyo kazi aliyobakiwa nayo. Aliliweka sinia chini. Sheria haikumtaka tena, huyu alikuwa kaka yake kama hao wengine. Aliuvuta mtandio kutoka begani, akajifunika, akaketi, akaanza kumimina kahawa.